Komba Hana Kina

Nimemchora mara mia mbili na kumi na nne
na bado sijui vidole vile ni vya nani.
Jina nilimpa mimi: Komba,
kwa macho yale, kwa kuruka,
na kwa sababu akiingia chumba hukikomba
hadi vumbi linaona haya.

Tunafanyia kazi orofa ya tatu, barabara ya Kirinyaga,
juu ya duka la vipuri. Grisi hupanda ngazi kabla yetu
na kila toleo hunuka giaboksi.

Toleo la tano: Upper Hill, saa nane za usiku.
Sefu ya mtu aliyeuza kiwanja kimoja cha Ruai
kwa wanunuzi kumi na mmoja.
Komba ananing'inia dirishani kwa mkono wa kushoto;
wa kulia umebeba milioni sita
na ndizi aliyoikuta mezani.
Jemadari Radi anatua juu ya paa, kifua mbele,
naye, kama kawaida yake, ananena kwa vina:

*Weka chini ulotwaa, mwizi wa usiku huu,*
*Mji mzima wakaa, waogopa lako guu,*
*Haki yangu ni shujaa, sheria yangu ni kuu,*
*Pingu zangu zakufaa, hutaruka tena juu!*

Komba anamenya ndizi.
"Umemaliza?"
Kiputo kidogo, herufi ndogo.

Hana kina huyu, Mbithe alilalamika,
nami sikujua kama anasema shairi ama moyo.
Mbithe ndiye mhariri. Anataka nichague kabla ya Ijumaa:
mwema au mbaya, wasomaji wanachanganyikiwa.
Akiwa mwema, koti liwe samawati.
Akiwa mbaya, nyusi zipande.
Nilikaa na brashi hadi wino ukaota ngozi.

Usiku Shikuku, mlinzi wetu,
hupanda na rungu na chupa ya chai
kusoma kurasa kabla hazijakauka.
Hucheka mahali ambapo sikuweka kichekesho.
Usiku ule hakucheka. Tochi ilitulia ukurasa wa tisa,
pembeni, kwenye kisanduku kidogo kuliko stempu:
soja wa lile jengo, kofia mkononi,
anatoka langoni.
"Huyu alifutwa?"
Nilimchora kwa dakika mbili. Wa kujaza nafasi.
"Milioni sita zikipotea zamu yako," akasema,
"hakuna anayekuuliza mwizi alikuwa na roho gani."

Nikavuta karatasi mpya.
Kawangware, mvua, mlango wa bati.
Soja nikampa jina, Makokha, na soksi zisizolingana.
Komba anabisha, anamkabidhi bahasha.
Shikuku akasonya.
"Bahasha nzima? Huyo si Komba, huyo ni askofu."

Nikafuta.
Komba akakaa juu ya kreti ya soda chini ya mchirizi,
akahesabu kwa mwanga wa simu,
akagawa mafungu mawili,
akatazama lake, akatazama mlango,
akachomoa noti tano kutoka fungu la Makokha,
akarudisha mbili.

"Sasa," Shikuku akasema, "huyo namjua."
Akamimina chai kwenye kifuniko, akafikiri.
"Lakini Makokha asifungue.
Usiku wa manane, mtu ana pesa, anabisha?
Mimi nisingefungua."

Kwa hiyo mlango umefungwa
na bahasha imelala kizingitini, inalowa,
na ukurasa unaishia hapo; cha kumwambia Mbithe sina.

Asubuhi naikosa kalamu yangu ya wino wa fedha,
ile ya kuchorea mwezi.
Nimetafuta chini ya meza, ndani ya kikombe, hata mfukoni mwa Radi,
yaani koti la mfano tulilolitundika ukutani.
Langoni Shikuku ananisalimia kama siku zote,
ananiuliza kama nimekula.
Namwambia nimekula.

Toleo la sita litatoka bila mwezi.